Roboti Inayofuata Mstari: Inaona Nini, na Kwa Nini Inapotea Njia

Neno roboti limeingia shuleni kwa mlango mmoja na akili unde, na mkanganyiko ukaanzia hapo. Mzazi akiambiwa mwanawe wa kidato cha pili anaunda roboti, anawaza sanamu la chuma linalotembea kwa miguu miwili, au ile programu ya kwenye simu inayojibu kila swali. Mwalimu wa fizikia aliyekabidhiwa boksi la vifaa naye anaona hii ni kazi ya wahandisi. Roboti ya darasani ni ndogo kuliko hayo yote: kigari chenye mota mbili, vihisi viwili na kanuni nne. Ugumu wake upo, ila haupo pale ambapo wengi wanautafuta.

Tuanze na maneno. Roboti ni mashine inayorudia mambo matatu: inapima kitu kilicho nje yake, inalinganisha kipimo hicho na kanuni iliyoandikiwa, kisha inatenda. Gari la kuchezea la rimoti si roboti, kwa sababu anayepima na kuamua ni mtoto aliyeshika rimoti. Taa za barabarani zinazobadilika kwa saa, njia iwe tupu au imejaa, nazo si roboti. Lakini boya la ndani ya simtanki limekaribia. Maji yakipanda linanyanyuka na kufunga njia, yakishuka linafungua, na hakuna mtu aliyesimama pale kuliamuru. Mwanafunzi aliyeelewa boya ameelewa nusu ya somo.

Kihisi ni kifaa kinachogeuza kitu cha nje, kama mwanga, umbali au joto, kiwe umeme unaopimika. Mafundi wengi husema sensa, na hakuna ubaya, ila usishangae bibi akidhani wajukuu wanahesabu watu. Kidhibiti ni kompyuta ndogo isiyo na kioo wala kibodi, inayosoma vihisi na kutoa amri. Kinachotumika sana shuleni ni Arduino Uno, ya familia iliyoanzia mjini Ivrea, Italia, mwaka 2005, ikilenga wanafunzi wa usanifu ambao hawakusomea elektroniki. Toleo lake lililoenea, R3, lina KB 32 za kuhifadhia programu na KB 2 za kufanyia kazi. Picha moja iliyopigwa kwa simu haienei humo.

Basi akili unde iko wapi katika KB 2? Haipo. Kigari hiki hakijifunzi. Kikikosea kona leo, kesho kitaikosea kona ile ile mpaka mwanafunzi abadilishe kitu. Mwishoni mwa miaka ya 1940 mjini Bristol, Uingereza, mtafiti wa ubongo William Grey Walter aliunda kobe wawili wa mashine, Elmer na Elsie. Kila mmoja alikuwa na kihisi cha mwanga, kihisi cha kugusa na saketi ya valvu mbili (mirija ya kioo ya redio za kale), bila kompyuta yoyote. Kobe hao waliufuata mwanga na kuzunguka vizuizi, na mtu akiwatazama angeweza kuapa kwamba wana nia yao. Kanuni chache, zikirudiwa haraka, huonekana kama akili. Hilo ni jambo la kumwonyesha mwanafunzi mapema, kwa sababu linamwondolea woga na pia linamwondolea miujiza.

Vifaa

Kikundi cha wanafunzi watatu kinahitaji Uno moja, mota mbili za gia zenye ganda la njano ziitwazo TT, zenye uwiano wa 1:48, pamoja na magurudumu yake, bodi moja ya kuendeshea mota aina ya L298N, vihisi viwili vya TCRT5000, betri mbili za lithiamu za 18650 zenye kishikio na swichi, nyaya za jampa zipatazo 20, tepu nyeusi ya mafundi umeme na karatasi nyeupe ya manila. Zaidi ya watatu, wa nne atakuwa mtazamaji.

Umbo la kigari lisiwachukulie muda. Plaiwudi ya milimita 3 inatosha, na hata ubavu wa dumu la mafuta ya kula uliokatwa bapa unafaa. Kwa gurudumu la tatu, lile la kuegemea, kigololi cha chupa tupu ya deodoranti ya kupaka huteleza vizuri kuliko magurudumu mengi ya dukani.

L298N inahitajika kwa nini, wakati Uno ina pini zinazotoa umeme? Kwa sababu pini moja isivutwe zaidi ya miliampea 20 hivi, na mota ya TT inapoanza kuzunguka, au gurudumu lake likikwama, inaweza kuvuta karibu ampea moja. Pini ni kama konda: anagonga bodi, gari linasimama, lakini hakuna anayemtegemea konda alisukume gari. Mota ikiunganishwa moja kwa moja kwenye pini, kinachoungua ni pini.

Jicho linaloona weusi na weupe tu

TCRT5000 ina vipande viwili vilivyokaa ubavu kwa ubavu. Kimoja kinamulika mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, na cha pili kinapokea unaorudi. Karatasi nyeupe inarudisha mwanga mwingi, tepu nyeusi inaumeza. Ni sababu ile ile inayofanya shati jeusi liunguze mgongo juani. Kujua kama kihisi kinawaka, kitazame kupitia kamera ya simu: kamera nyingi huonyesha nukta ya zambarau pale ambapo jicho halioni kitu. Kamera ya mbele mara nyingi huiona vizuri zaidi ya ile ya nyuma.

Urefu kutoka sakafuni ni jambo ambalo wanafunzi hulidharau na ndilo linaloharibu kazi. Kihisi hiki huona vizuri zaidi kikiwa milimita 2.5 kutoka kwenye uso, na kikipita milimita 10 hivi tofauti ya weusi na weupe inafifia. Kikundi kikifunga kihisi juu ya kigari, sentimita 4 kutoka chini, kitashinda wiki nzima kikisahihisha programu isiyo na kosa lolote. Weka kihisi kati ya milimita 3 na 8. Kikigusa karatasi kitakwaruza, kwa hiyo usishuke zaidi.

Kuna mtego mwingine hapa. Mstari uliochorwa kwa kalamu ya maka unaonekana mweusi kabisa kwetu, lakini wino wa kalamu nyingi huupitisha mwanga wa infraredi kana kwamba haupo. Roboti inapita juu yake bila habari. Tepu ya umeme haina tatizo hilo, na upana wake wa milimita 18 hadi 19 unafaa. Mambo haya mwanafunzi ayajaribu mwenyewe: achore mstari kwa maka, abandike mwingine kwa tepu, asome namba za mistari yote miwili.

Kusoma namba ndilo somo la kwanza la kweli. Kabla ya gurudumu lolote kufungwa, unganisha kihisi kwenye pini ya A0, andika programu ya mistari mitano inayotumia amri ya analogRead na kuonyesha jibu kwenye skrini ya kompyuta. Uno hugeuza volti 0 hadi 5 kuwa namba kuanzia 0 hadi 1023. Tuseme juu ya karatasi inakuja 90, juu ya tepu 780. Katikati ni 435. Hicho ndicho kizingiti: chini yake ni karatasi, juu yake kuna mstari. Usinakili 435 kutoka hapa wala kwa kikundi jirani, maana vihisi viwili vya pakiti moja hutofautiana. Kuna hata bodi ambazo huenda kinyume, nyeupe ikatoa namba kubwa. Pima, andika daftarini, endelea.

Kanuni nne, kisha ulevi

Vihisi viwili vinakaa mbele, kimoja kila upande wa mstari, ili tepu ipite katikati yao. Vyote vikiona weupe, mstari upo kati: nenda mbele. Cha kushoto kikiona weusi, kigari kimeelemea kulia: pinda kushoto. Cha kulia kikiona weusi: pinda kulia. Vyote viwili vikiona weusi, ni njia panda au mwisho: simama. Programu nzima ni hiyo, ikizungushwa mamia ya mara kwa sekunde.

Itafanya kazi. Itayumba pia, kulia kushoto kama mtu anayetoka kilabuni, na kwenye kona kali itatoka. Wanafunzi hudhani wamekosea, kumbe wameandika sawasawa. Kasoro ni kwamba kanuni hizi zinajua kupinda kwa kiasi kimoja tu. Mfikirie dereva anayejifunza: gari likienda kando kidogo anakata usukani wote, linavuka upande wa pili, anakata tena. Dereva mzoefu hukata kwa kadiri ya kosa. Kosa dogo, usukani kidogo.

Kumfundisha roboti uzoefu huo kunahitaji kutoa na kuzidisha, hesabu za darasa la nne. Badala ya kuuliza kama namba imepita kizingiti, tunauliza imezidi kwa kiasi gani:

kosa = analogRead(A0) - analogRead(A1);
rekebisho = kosa * 0.1;
analogWrite(5, constrain(140 - rekebisho, 0, 255));
analogWrite(6, constrain(140 + rekebisho, 0, 255));

A0 ni kihisi cha kushoto, A1 cha kulia. Pini ya 5 inatawala kasi ya mota ya kushoto, ya 6 ile ya kulia, kupitia ENA na ENB za L298N. Vile vifuniko vidogo vilivyokuja vimevaa juu ya ENA na ENB sharti vitolewe, la sivyo mota zitakwenda kasi yote hata uandike nini. Kosa likiwa 700, rekebisho ni 70: mota ya kushoto inapata 70, ya kulia 210, kigari kinapinda kushoto kwa nguvu. Kosa likiwa 50, tofauti ni ndogo na kigari kinajinyoosha polepole. Ile 0.1 ndiyo ya kuchezea. Ikiwa kubwa mno ulevi unarudi, ikiwa ndogo mno kona zinakishinda. Ongeza kwa 0.02, jaribu, andika. Iwapo vihisi vyako vinatoa namba kubwa juu ya weupe, badilisha nafasi za A0 na A1 kwenye mstari wa kwanza, vinginevyo kigari kitaukimbia mstari.

Jambo moja la kasi: namba inakwenda 0 hadi 255, lakini mota ya TT mara nyingi haitingishiki mpaka ifike 80 au 100 hivi. Chini ya hapo inalia tu. Na mota mbili mpya zikipewa namba moja hazitazunguka sawa, kwa hiyo kigari kitakachokwenda upande wakati hakuna mstari hakina ugonjwa. Vihisi vipo kwa sababu hiyo hasa.

Umeme, ambako saa nyingi hupotelea

Ukisikia kikundi kinasema programu imegoma, shika betri kwanza. Makosa mengi ya darasani ni ya umeme, yakijificha nyuma ya programu.

La kwanza ni betri ya mraba ya volti 9. Inapendwa kwa sababu ni ndogo na namba yake ni kubwa. Lakini volti ni kama urefu wa mnara wa tangi, na ampea ni maji yanayotoka. Betri hiyo ni tangi la juu lenye bomba la unene wa mrija wa soda. Taa itawaka, Uno itawaka, na mara mota zinapovuta, volti zinaanguka na Uno inajizima na kuanza upya. Dalili yake haina mfano: kigari kinashtuka, kinasimama, kinashtuka, kinasimama. Wanafunzi watasema kina kwikwi.

Betri nne za AA zinatoa volti 6, na ni salama kwa madarasa ya chini, ila L298N ni bodi ya zamani inayokula karibu volti 2 kabla umeme haujafika kwenye mota. Mota zinabaki na 4, zinatosha. Uno ndiyo inayopata shida, kwa kuwa mlango wake wa Vin unataka volti 7 hadi 12. Mpe kila mmoja chake: mota zitumie AA, Uno itumie pawabenki kwa waya wa USB. Betri mbili za 18650 zikipangwa mfululizo zinatoa volti 7.4, na 8.4 zikijaa. Hapo ulafi wa L298N unageuka faida, kwani mota zilizotengenezwa kwa volti 3 hadi 6 zinapata takriban 6.

18650 zina masharti yake. Nyaya zake mbili zikigusana zinaweza kuyeyusha ganda la waya na kuwasha moto. Zichajiwe kwa chaja yake, mwalimu akiwepo, na zisitumiwe chini ya volti 3 kila moja. Zile zilizotolewa kwenye betri za kompyuta mpakato zilizokufa ni rahisi, na ndiyo sababu zimejaa mitaani, lakini zisiingie darasa la watoto.

Kosa la pili ni waya wa GND. Umeme unahitaji njia ya kurudi, na amri kutoka pini ya Uno haina maana kwa L298N kama hazina kipimo kimoja cha sifuri. Watu wawili wakipima urefu wa ukuta, mmoja akianzia sakafuni na mwingine mezani, hawataelewana. Kama mota na Uno zinatumia betri tofauti, GND zao lazima ziunganishwe kwa waya. Ukisahau, mota hukaa kimya au hufanya vituko visivyotabirika.

Yaliyobaki ni madogo na ya kila siku. Waya wa USB wa kuchajia tu, usio na nyaya za data, utawasha Uno lakini kompyuta haitaiona. Uno nyingi za bei nafuu hutumia chipu ya CH340, na baadhi ya kompyuta huhitaji programu yake ndogo kusakinishwa kwanza. Kitu kilichochomekwa kwenye pini 0 na 1 kinaweza kuzuia programu isipande. Mota ikizunguka kinyume, usiguse programu. Badilisha nafasi za nyaya zake mbili.

Kuona kwa mwangwi

Kigari kikishafuata mstari, wanafunzi wataomba kisigonge. Kihisi cha HC-SR04 ndicho chenye yale macho mawili ya mviringo yanayoonekana kwenye picha zote. Si macho. Moja ni kinywa, linatoa sauti ya kHz 40 ambayo sikio la binadamu halisikii, na la pili ni sikio linalosubiri mwangwi, kama popo. Uno inapima muda. Sauti husafiri sentimita 0.0343 kwa kila maikrosekunde, inakwenda na kurudi, kwa hiyo umbali ni muda mara 0.0343 gawanya kwa 2. Maikrosekunde 1,160 ni sentimita 20 hivi. Joto hubadilisha mwendo wa sauti, lakini kwenye nyuzi 30 za Dar es Salaam kosa halifiki asilimia 2. Achana nalo.

Usiachane na nguo. Pazia na sweta humeza sauti, na ukuta ulioinama huipeleka kando, ndiyo maana roboti inayokwepa boksi vizuri itamgonga mwalimu aliyevaa koti. Kuna pia kosa la kuchekesha: pasipokuwa na kitu mbele, mwangwi haurudi, na amri ya pulseIn, inayopima muda huo, ikichoka kusubiri hurudisha 0. Programu iliyoandikwa kwamba umbali ukiwa chini ya 20 simama inaisoma sifuri kama ukuta uliogusa pua. Kigari kinasimama katikati ya uwanja mtupu. Dawa ni kuandika kwamba 0 maana yake ni mbali.

Kosa la mwisho katika sehemu hii ni delay, amri ya kusubiri. Mwanafunzi anaandika pinda kulia, subiri sekunde moja. Katika sekunde hiyo roboti haipimi chochote. Ni sawa na dereva aliyefumba macho akihesabu mpaka elfu. Kusubiri kufanywe kwa amri ya millis, inayotazama saa huku kazi nyingine zikiendelea.

Mpangilio wa vipindi

Vipindi pacha vya dakika 80 vikiwa sita, kazi inaisha bila kukimbizana, mradi magurudumu yasitangulie. Cha kwanza, kuwasha taa moja na kuipepesa. Cha pili, kusoma namba za kihisi na kutafuta kizingiti. Cha tatu, mota, kigari kikiwa kimeinuliwa juu ya kikombe ili magurudumu yazunguke hewani. Kigari kinachojaribiwa mezani huishia sakafuni. Cha nne ndipo kihisi na mota zikutane. Viwili vya mwisho ni vya kusahihisha, na hapo mwalimu akatae kushika kibodi. Swali lake liwe moja: namba inasemaje? Kikundi kisichojua namba yake kirudi kipindi cha pili.

Shule yenye kompyuta na isiyo na vifaa inaweza kuanza na Tinkercad, inayoiga saketi za Arduino kwenye skrini bila malipo, ingawa inahitaji intaneti. Programu ya Arduino yenyewe ikishasakinishwa haihitaji. Tinkercad haina jua wala betri inayochoka, na hilo ni faida kwa wiki mbili za mwanzo, kisha linakuwa hasara.

Kwa maana jua ndilo linaloaibisha vikundi siku ya maonyesho. Mwanga wake umejaa infraredi. Kigari kilichofuata mstari bila kosa darasani jioni, saa sita mchana karibu na dirisha kinaona weupe kila mahali. Zungushia vihisi sketi ya kadibodi nyeusi inayokaribia sakafu. Kisha andika kipande cha programu kinachofanya kigari, mara kikiwashwa, kijizungushe kushoto na kulia juu ya tepu kwa sekunde 3, kikiweka akilini namba ndogo na kubwa kabisa ya kila kihisi, na kuzinyoosha ziwe 0 hadi 1000. Kikifanya hivyo papo hapo ukumbini, 435 ya darasani haina kazi tena. Na zile dakika kumi kabla ya kuitwa jina, kikundi kipime betri kwa mita: kama 18650 mbili zimeshuka chini ya volti 7, ile 140 ya kasi si 140 waliyofanyia mazoezi.